Mafuta ya damu na figo za mwenye kisukari: kidonge cha kolesteroli kinalinda nini hasa?

Mwanakliniki (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya fikra mbili zinazopingana, ambazo husikika sana kwa wagonjwa wa kisukari na hata kwa baadhi ya wahudumu wenzangu. Ya kwanza inasema kwamba kolesteroli ikishuka, figo zimesalimika. Ya pili inasema kwamba dawa za kolesteroli ndizo zinazoua figo, kwa hiyo mwenye kisukari ajiepushe nazo. Zote mbili zinamweka mgonjwa pabaya. Msimamo wangu, ambao nitautetea hapa, ni kwamba dawa za kushusha kolesteroli kwa mwenye kisukari aliyeanza kuumwa figo zinatolewa kwa ajili ya moyo na ubongo wake, na kwamba figo zenyewe zina kinga nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya kolesteroli.

Nianze na sura ya mafuta yenyewe, kwa kuwa katika kisukari cha aina ya pili haifanani na ile inayofikiriwa na wengi. LDL, ile kolesteroli inayoitwa mbaya, mara nyingi haijapanda sana. Inaweza kulingana na ya jirani asiye na kisukari. Kilichobadilika ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, ambazo huwa juu, na HDL, kolesteroli inayoitwa nzuri, ambayo huwa chini, huku chembe za LDL zikiwa ndogo na zilizoshikamana, zenye kupenya kwa urahisi katika kuta za mishipa. Chanzo chake ni insulini kushindwa kufanya kazi. Insulini ikifanya kazi ipasavyo, huzuia tishu za mafuta zisimwage asidi za mafuta ovyo kwenye damu. Ikishindwa, asidi hizo humiminika hadi kwenye ini, nalo ini huzifungasha katika chembe kubwa ziitwazo VLDL na kuzirudisha kwenye mzunguko, wakati kimeng'enya ambacho kingezivunja katika mishipa midogo kimelegea. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha kabisa nyama yenye mafuta na bado trigliseridi zake zikabaki juu, iwapo sukari yake haijadhibitiwa.

Sasa figo. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Katika kisukari cha muda mrefu kuta za vichujio hivyo hunenepa na tishu iliyo katikati yake hujaa makovu, mabadiliko ambayo Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson waliyaeleza mwaka 1936 baada ya kuchunguza figo za marehemu. Albumini, protini ambayo kwa kawaida haipiti kwenye kichujio, huanza kuvuja kwenye mkojo. Mwaka 1982 John Moorhead na wenzake wa London walitoa hoja iliyofungua mjadala huu wote: kwamba protini ikivuja, ini huongeza utengenezaji wa chembe za mafuta, kwamba chembe hizo hunasa katika vichujio na kuchochea seli zake kuongezeka na kuacha makovu, na kwamba makovu hayo huzidisha uvujaji wa protini, mzunguko ukaanza upya. Maabara imeunga mkono sehemu ya hoja hiyo, kwani wanyama wanaolishwa kolesteroli nyingi hupata makovu ya figo, na katika figo za binadamu wenye kisukari hukutwa matone ya mafuta ndani ya seli za vichujio.

Ugumu uko katika kujua kipi kilitangulia. Mtu anayepoteza protini nyingi kwenye mkojo atakuwa na kolesteroli ya juu kwa sababu figo zake zinavuja, na anayepoteza uwezo wa kuchuja damu atakuwa na trigliseridi za juu kwa sababu hiyohiyo. Ukimpima siku moja tu, utaona mafuta na ugonjwa wa figo vimekaa pamoja, lakini hutajua nani alimkaribisha mwenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliolinganisha wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili katika nchi 13 ambao LDL yao ilikuwa chini ya milimoli 3.4 kwa lita, ulikuta kwamba wenye trigliseridi za juu na HDL ya chini ndio waliokuwa na ugonjwa wa figo zaidi. Ni taarifa yenye uzito, lakini ni taarifa ya mambo kuonekana pamoja.

Njia ya kutenganisha chanzo na matokeo ni kushusha mafuta kwa kundi moja, kuliacha jingine, kisha kusubiri miaka. Jaribio liitwalo SHARP, lililochapishwa mwaka 2011, lilifanya hivyo kwa watu 9,270 wenye ugonjwa sugu wa figo, takriban 3,000 kati yao wakiwa tayari wanasafishwa damu kwa mashine. Nusu walipewa simvastatini miligramu 20 pamoja na ezetimibe miligramu 10, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matukio makubwa ya mishipa, kama mshtuko wa moyo na kiharusi cha mshipa kuziba, yalipungua kwa asilimia 17. Upande wa figo, miongoni mwa wale ambao hawakuwa kwenye mashine, waliofikia hatua ya figo kushindwa kabisa walikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Kwa hesabu hiyo dawa haikuziokoa figo. Vilevile haikuziua, na nusu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa na wanaotisha watu.

Linganisheni na dawa ambazo zimethibitika kuzikinga figo za mwenye kisukari. Losartani, dawa ya shinikizo la damu, katika jaribio la RENAAL la mwaka 2001, lenye wagonjwa 1,513, ilipunguza idadi ya wanaofikia figo kushindwa kabisa kwa asilimia 28. Kanagliflozini, dawa ya kushusha sukari, katika jaribio la CREDENCE la mwaka 2019 ilipunguza kwa asilimia 30 jumla ya matukio makuu yaliyokuwa yakipimwa, yaani figo kushindwa, kreatinini (taka ya damu ambayo figo hupaswa kuichuja) kuongezeka mara mbili, na vifo vya figo au moyo, na jaribio likasitishwa mapema kwa sababu manufaa yalikuwa dhahiri. Jambo la kufikirisha ni kwamba dawa za kundi hili la pili hupandisha LDL kidogo. Kama LDL ingekuwa ndiyo mshika usukani wa uharibifu wa figo, matokeo hayo yasingewezekana kirahisi hivyo.

Kwa nini basi nasisitiza kidonge cha kolesteroli? Kwa sababu mwenye kisukari na ugonjwa wa figo ana uwezekano mkubwa wa kufa kwa moyo kabla hata hajafika kwenye mashine. Mwongozo wa mwaka 2013 wa KDIGO, shirika la kimataifa la magonjwa ya figo, unapendekeza statini (kundi la dawa za kolesteroli kama simvastatini) kwa watu wenye ugonjwa sugu wa figo walio na miaka 50 au zaidi, na pia kwa walio chini ya umri huo ikiwa wana kisukari, bila kuanza kwa kuuliza LDL yao ni ngapi. Hatari wanayoibeba inatosha kuwa sababu.

Karibuni tujadili. Naomba tujadili vipimo na dawa, na tuwaache watu na majina yao.

Binti Pangani

Shikamoo Mwanakliniki, na asante kwa mada.

Mama yangu ana miaka 62 na kisukari chake ni cha muda mrefu. Majibu yake ya mwisho yanasomeka hivi: LDL 2.4, trigliseridi 3.1, HDL 0.9, zote kwa milimoli kwa lita, eGFR (kadirio la uwezo wa figo kuchuja damu) 54, na albumini ya mkojo miligramu 180 kwa kila gramu ya kreatinini. Alikuwa anatumia atorvastatini, lakini katika kituo kimoja aliambiwa kwamba kolesteroli sasa ni nzuri, kwa hiyo aache vidonge. Hakuna aliyetueleza lolote kuhusu ile albumini. Halafu tunabishana nyumbani juu ya nazi, kwa sababu kwetu chakula bila tui ni kama mgonjwa ameadhibiwa. Je, ni nazi iliyomfikisha hapa?

Mwanakliniki

Marahaba, dada yangu. Nitajibu kwa ujumla. Uamuzi wa dawa ubaki kwa daktari anayemwona mama.

Kolesteroli iliyoshuka kwa dawa si sababu ya kuacha dawa, kwa kuwa LDL ya 2.4 imepimwa akiwa anatumia kidonge, na akikiacha itarudi ilikokuwa baada ya wiki chache. Isitoshe, kwa umri wake, kisukari chake na eGFR iliyo chini ya 60, yumo moja kwa moja katika lile kundi linalopendekezwa statini. Miongozo mingi ya sasa ingetaka LDL ya mtu kama yeye iwe chini ya 1.8. Ningemrudisha kliniki na karatasi zake zote, na ningeuliza wazi kwa nini dawa ilisimamishwa, kwani huenda kuna sababu ambayo haikuandikwa, kama vile maumivu ya misuli.

Kilichonishtua mimi katika karatasi hiyo ni ile 180. Kiwango cha kawaida ni chini ya 30, na kuanzia 30 hadi 300 ni uvujaji wa wastani ambao bado una nafasi kubwa ya kupunguzwa. Kipimo kirudiwe, na kikithibitika ndipo waulizwe: je, anatumia dawa ya kundi la losartani au enalapili, kwa kipimo cha juu anachoweza kukistahimili? Shinikizo lake la damu ni ngapi? Je, dapagliflozini au empagliflozini, ndugu za ile kanagliflozini, inapatikana na mnaimudu? Kwa figo za mama, majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko namba zote tatu za mafuta ulizozitaja.

Kuhusu trigliseridi za 3.1, kwanza itazamwe sukari ya miezi mitatu, kisha wanga wa sahani, soda, juisi na chai yenye sukari nyingi, na pombe kwa anayeinywa. Tezi ya shingo ikilegea nayo hupandisha. Watu hukimbilia kidonge cha trigliseridi, ilhali jaribio la PROMINENT la mwaka 2022, lililowahusisha watu 10,497 wenye kisukari cha aina ya pili, lilizishusha trigliseridi kwa asilimia 26 kwa pemafibrati bila kupunguza matukio ya moyo hata kidogo, na matatizo ya figo yakaripotiwa zaidi kwa waliopewa dawa.

Nazi haikumfikisha mama hapo peke yake. Ni kweli kwamba sehemu kubwa sana ya mafuta ya nazi ni yale mazito yanayopandisha LDL, na samli iko hivyohivyo, wakati mafuta ya alizeti ni afadhali kwa upande huo. Lakini tui jepesi kwenye mchicha au samaki, mara moja moja, halilingani na sinia la wali wa nazi kila siku na vitumbua vya asubuhi juu yake. Katika wali huo mimi ningeupunguza wali wenyewe kwanza. Chumvi pia ningeipunguza, kwa sababu inapandisha shinikizo la damu na inazizuia dawa kama losartani zisifanye kazi yake kikamilifu.

Darubini

Salaam kwenu. Mimi ni mtu wa maabara, na ningependa kuongeza kuhusu namba zenyewe, kwa sababu nusu ya mabishano ya kolesteroli huzaliwa kwenye benchi letu.

LDL katika maabara nyingi haipimwi moja kwa moja. Hukokotolewa kwa kanuni iliyochapishwa na William Friedewald na wenzake mwaka 1972: unachukua kolesteroli yote, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2 ikiwa mnatumia milimoli, au kwa 5 ikiwa mnatumia miligramu kwa desilita. Kanuni hiyo huvunjika trigliseridi zikizidi milimoli 4.5 kwa lita, ambayo ni sawa na miligramu 400 kwa desilita, na hata kabla ya kufika huko huanza kuonyesha LDL iliyo ndogo kuliko ilivyo. Wenye trigliseridi za juu ndio haohao wenye kisukari, kwa hiyo kanuni inamdanganya yule anayeihitaji zaidi. Suluhisho rahisi, lisilo na gharama ya ziada, ni kutoa HDL kwenye kolesteroli yote na kusoma kinachobaki, kwa sababu humo zimo chembe zote zinazoziba mishipa. Lengo lake huwekwa milimoli 0.8 juu ya lengo la LDL.

Kufunga usiku kucha kabla ya kipimo si lazima kwa kila mtu siku hizi. Ikiwa umepimwa ukiwa umekula na trigliseridi zikazidi milimoli 5, hapo ndipo tunakuomba urudi ukiwa hujala. Nalisema hili kwa sababu mwenye kisukari anayetumia insulini akilazwa na njaa hadi saa tano asubuhi kwenye foleni anaweza kushukwa na sukari tukiwa tunamtazama.

Kuhusu mkojo, kijiti cha kuchovya hakioni albumini kidogo. Kinaanza kubadilika rangi wakati uvujaji umeshakuwa mkubwa, kwa hiyo "hakuna protini" ya kijiti si hati ya usalama kwa mwenye kisukari. Kinachotakiwa ni uwiano wa albumini na kreatinini, ikiwezekana katika mkojo wa kwanza wa asubuhi. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi na mazoezi makali ya siku iliyotangulia vinaweza kuupandisha kwa muda, na ndiyo maana tunataka vipimo viwili kati ya vitatu viwe juu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa. Kwa wenzetu wa Kanda ya Ziwa na mwambao, kichocho cha kibofu nacho huleta damu na protini kwenye mkojo. Mgonjwa wa kisukari mwenye mkojo wa damu asifungiwe kwenye kisukari peke yake.

Jembe Kali

Samahani, mimi sikubaliani. Mjomba wangu alikuwa na kisukari, akaanzishiwa dawa ya mafuta, na mwaka uliofuata kreatinini ikapanda hadi akaambiwa ajiandae kwa mashine. Hizo asilimia zenu ni za wazungu, mimi nimeona kwa macho yangu.

Mwanakliniki

Pole sana kwa mjomba, Ndugu Jembe Kali. Sitabishana na ulichokiona, ila naomba tujiulize dawa hiyo ilikuwa ipi. Statini na fenofibrati zote huitwa dawa ya mafuta, lakini kwa kreatinini zina tabia tofauti kabisa. Fenofibrati hupandisha kreatinini ndani ya wiki chache, na ikiachwa kreatinini hushuka tena. Katika jaribio la FIELD, ambalo lilifuatilia watu 9,795 wenye kisukari cha aina ya pili kwa miaka mitano huko Australia, New Zealand na Finland, walipoiacha dawa mwishoni ilionekana kwamba uwezo wao wa kuchuja ulikuwa umehifadhika vizuri kuliko wa wale waliopewa kidonge kitupu, na uvujaji wa albumini ulipungua. Hapo ndipo ile hoja ya mwaka 1982 inapopata pumzi, kwa upande wa trigliseridi, ingawa PROMINENT imenifanya niwe mgumu kuifurahia mapema.

Jambo la pili ni wakati. Mtu huanzishiwa statini pale ambapo hatari yake imeshakuwa kubwa, mara nyingi figo zikiwa zimeanza kuteremka miaka kadhaa bila dalili yoyote. Kinachofuata baada ya kidonge si lazima kiwe kimesababishwa na kidonge. Ningetaka pia kujua kama alikuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya magoti, au dawa za mitishamba zisizojulikana mchanganyiko wake, kwa kuwa hivyo viwili navikuta katika historia za figo mara nyingi kuliko statini. Na kuhusu "wazungu", hoja yako ina haki yake: watu wa Afrika Mashariki hawajashirikishwa vya kutosha katika majaribio haya makubwa. Hata hivyo, mshipa uliozibwa na LDL haubadiliki kwa kuvuka bahari, na sijaona sababu ya kibaiolojia ya kudhani kwamba statini ingeugeuka mwili wa Mtanzania au Mkenya.

Mfamasia wa Kona

Nikazie upande wa dukani. Si kila statini ni sawa kwa figo dhaifu. Atorvastatini haihitaji kupunguzwa kipimo figo zinaposhuka, na ndiyo ninayoiona kuwa rahisi kwa wagonjwa hawa. Rosuvastatini isizidi miligramu 10 kwa mwenye eGFR chini ya 30. Katika jaribio la PLANET I, lililofanywa kwa wenye kisukari waliokuwa wakivuja protini, atorvastatini ya miligramu 80 ilipunguza protini ya mkojo, na rosuvastatini haikufanya hivyo, tena uwezo wa kuchuja ulishuka zaidi kwa waliotumia rosuvastatini. Mwenye simvastatini na amlodipini (dawa ya shinikizo la damu) kwa pamoja, mchanganyiko ambao ni wa kawaida sana kwetu, asivuke simvastatini miligramu 20 kwa siku. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir asipewe simvastatini kabisa. Jemfibrozili, dawa ya kundi la fenofibrati, isichanganywe na statini, kwa sababu misuli inaweza kuvunjika na takataka zake zikaziba figo, na huo ndio mkasa mmoja ambamo dawa za mafuta kweli huumiza figo. Fenofibrati haitolewi eGFR ikiwa chini ya 30.

Statini hupandisha sukari kidogo, sitaficha. Ongezeko hilo ni dogo mno kumfanya mwenye kisukari aache kinga ya moyo. Na mwanamke anayetarajia kupata ujauzito amweleze daktari mapema, kwa kuwa statini na dawa za kundi la losartani zote zinahitaji kuangaliwa upya kabla.

Kiti cha Dirishani

Naandika nikiwa mgonjwa wa mashine, mara tatu kwa wiki. Nilikuwa nikitumia atorvastatini kabla ya kuanza, na daktari amesema niendelee. Mwenzangu wa kiti cha pili, mwenye kisukari kama mimi, hakuwahi kuitumia, na yeye ameambiwa haanzishiwi. Tumeshindwa kuelewa ubaguzi huu.

Mwanakliniki

Si ubaguzi, ndugu yangu, na madaktari wenu wamefuata mwongozo. Mwaka 2005 lilichapishwa jaribio la Ujerumani liitwalo 4D, la wagonjwa 1,255 wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa wakisafishwa damu. Atorvastatini ilishusha LDL yao kwa asilimia 42, lakini vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi, vikihesabiwa kwa pamoja, havikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Mwaka 2009 jaribio la AURORA, lenye wagonjwa 2,776 na rosuvastatini, likatoa jibu lilelile. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba, mtu akifika kwenye mashine, moyo wake unasumbuliwa zaidi na misuli iliyonenepa, madini ya chokaa kwenye mishipa, maji yanayopanda na kushuka, na mapigo yanayovurugika. Mafuta yaliyoganda yamekuwa sehemu ndogo ya hatari. Kwa hiyo KDIGO wanasema asiyekuwa nayo asianzishiwe akiwa kwenye mashine, na aliyefika akiwa nayo aendelee. Mkipata bahati ya kupandikizwa figo, huduma ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2017, suala hili hufunguliwa upya, kwani aliyepandikizwa hupendekezwa statini.

Hapa ndipo ninapopata hasira yangu kidogo. Dirisha la statini kufanya kazi liko kabla ya mashine, katika ile miaka ambayo mgonjwa hajisikii chochote na mkojo wake unavuja kimyakimya. Ni miaka ileile tunayoitumia kumpima kolesteroli mara mbili na mkojo tusiupime hata mara moja.

Msomaji wa Usiku

Nimewahi kusikia kwamba sisi Waafrika tuna kinasaba cha kuharibika figo, na kwamba kinahusiana na HDL. Je, ni kweli, au ni maneno ya mitandaoni?

Darubini

Kuna ukweli ndani yake, ila umenyooshwa kupita kiasi. Kinasaba hicho kinaitwa APOL1, na protini yake kweli husafiri na baadhi ya chembe za HDL. Kazi yake ni kuua vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba aina mbili za kinasaba hicho, ziitwazo G1 na G2, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyezirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Zimeenea hasa Afrika Magharibi na kwa wazao wa watu waliotolewa huko kwenda Amerika. Kwetu mashariki ni chache zaidi. Hatari yake inaonekana waziwazi katika ugonjwa wa figo wa VVU na katika makovu ya vichujio yasiyo na chanzo cha kisukari, wakati uhusiano wake na figo zilizoharibiwa na kisukari chenyewe ni dhaifu zaidi. Madhara yake hutokea ndani ya seli za kichujio, kwa hiyo HDL ya chini kwenye karatasi yako haikuambii lolote kuhusu APOL1.

Binti Pangani

Nashukuru sana. Nimempeleka mama, kidonge kimerudishwa, na mkojo utarudiwa. Swali la mwisho: apimwe nini na kila baada ya muda gani, maana fedha hazitoshi kwa kila kitu?

Mwanakliniki

Kama fedha ni za vipimo viwili tu kwa figo, chagueni uwiano wa albumini kwenye mkojo na kreatinini ya damu inayotoa eGFR. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili ambaye figo zake bado ni nzima, vipimo hivyo hufanywa tangu siku ya kugunduliwa, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza baada ya miaka mitano. Mama, kwa hali yake, angehitaji angalau mara mbili kwa mwaka. Akiongezewa losartani au dawa ya aina hiyo, kreatinini na potasiamu zipimwe baada ya wiki mbili hadi nne. Kreatinini ikipanda kwa chini ya asilimia 30 dawa haiachwi, na hili limekatisha matibabu mazuri ya watu wengi kwa hofu tu.

Mafuta yapimwe wiki nne hadi kumi na mbili baada ya kurudi kwenye kidonge, kusudi lionekane kama kinafanya kazi na kama anakimeza, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka inatosha. Shinikizo la damu lipimwe kila mkifika kliniki, na mkiweza, nyumbani.

Wale wanaodhani kwamba kufuatilia haya yote kwa pamoja ni kumchosha mgonjwa, wautazame utafiti wa Steno-2 wa Denmark. Watu 160 wenye kisukari cha aina ya pili, ambao albumini ilikuwa imeanza kuvuja kidogo, waligawanywa katika makundi mawili, na nusu yao wakadhibitiwa sukari, shinikizo la damu na mafuta kwa pamoja kwa takriban miaka minane, huku wakishauriwa kuhusu chakula, mazoezi na tumbaku. Walipofuatiliwa hadi kufikia miaka 21, kundi hilo lilikuwa limeishi kwa wastani wa kati wa miaka 7.9 zaidi ya wenzao. Haiwezekani kusema ni miaka mingapi kati ya hiyo ililetwa na statini, kwa kuwa hakuna aliyepewa statini peke yake.

Mama akirudi na majibu ya mkojo, yaweke hapa bila jina wala namba ya kadi, tuyatazame.